Nasikia, Daktari

Jumatatu, tarehe 1, mwezi wa tatu

Kwako mwanangu wa kwanza. Salamu kwanza, maneno baadaye. Baba yako hajambo, mgongo tu, anaamka ameukunja kama kiti cha kukunja na hadi saa nne unakuwa umekunjuka. Bibi yako hajambo, masikio ni yale yale. Ukitaka kumwambia neno bado unagonga meza, mara moja ndiyo, mara mbili hapana acha, na yeye anatugongea vilevile ingawa mdomo anao na anautumia sana. Mdogo wako Kitinda hajambo, anasoma, au anakaa mbele ya vitabu, mimi sina elimu ya kutofautisha. Paka hajambo. Mashine ya kufumia haijambo, nimeibadilishia sindano tatu. Wote wanakusalimu wewe na mume wako na mjukuu wangu, mumbusu shingoni pale penye harufu ya maziwa, kama bado ipo.

Daftari hili uliliacha wewe. Ulisema, "Mama, kwenye simu wewe kila siku hujambo. Andika basi, likijaa unitumie." Nikacheka. Nimeishia darasa la nne, niandike nini. Lakini leo nina la kuandika.

Unakumbuka nilikwambia kuna uzi mweusi unaingia kwenye masweta meupe ya shule? Nilikuwa nautoa, unarudi. Nautoa, unarudi. Nikamgombeza muuza nyuzi hadi akanibadilishia mafungu mawili. Kumbe uzi uko jichoni mwangu. Daktari wa macho ameniambia sukari imeingia nyuma ya jicho, na huko imeotesha vijishipa vipya, dhaifu kama uzi usiosokotwa. Vikikatika, damu inajaa jichoni na giza linaingia. Dawa yake ni taa ya leza, inachoma pembeni ili vijishipa vikauke. Mara tatu jicho la kulia, mara tatu la kushoto, kila baada ya wiki mbili. Yaani mvua zote hizi.

Nimeuliza kama inauma. Amesema, "Utasikia kidogo."

Jumatano, tarehe 3

Mvua. Masweta mawili na mkono mmoja.

Alhamisi, tarehe 4

Naandika kwa jicho moja, mistari ikipanda na kushuka usinilaumu.

Tulifika saa moja asubuhi, mimi na baba yako, viatu vimejaa tope. Ukumbi una mabenchi manne na mlango wa kijani ulioandikwa LEZA. Jirani yangu wa benchi ni mzee anayetengeneza saa, mwenyewe amesema hata mkewe anamwita Fundi Saa. Ana sukari kama mimi. Akaniambia, "Mama, ukiingia mle usitafute mlango wa nyuma. Mimi nimeshaangalia, haupo." Tukacheka wote, na watu wa benchi la pili wakacheka bila kujua kwa nini.

Muuguzi wa matone anapita na kichupa akisema "tazama juu" kwa kila mtu, kama anayemwagilia bustani. Hayo ya kwanza ni ya kupanua mboni. Ya ganzi nilidondoshewa mlangoni, nikiwa tayari naitwa. Tone moja. Nusu yake ikaenda shavuni, na shavu ndilo lililokufa ganzi.

Ndani ni giza. Kiti kimewekwa juu kwa ajili ya mtu mrefu, miguu yangu ikaning'inia kama soksi kwenye kamba. Unaweka kidevu kwenye kijibao, paji la uso kwenye mkanda, halafu daktari anakubandika jichoni kioo kinene kama kizibo cha chupa, na dawa yake ya baridi, nzito kama uji. Akasema, "Angalia sikio langu la kulia." Mwanangu, chumba giza, jicho hili lina kizibo, lile lina machozi, nami naambiwa nitafute sikio la mtu.

Miali ya kwanza ilikuwa mwanga tu, kijani, mmoja baada ya mwingine. Halafu ikaanza kuchoma. Si juu ya jicho, ni nyuma, mahali ambapo mkono haufiki kusugua. Kama sindano nyekundu ya moto, tena na tena, hesabu haishi.

"Unasikia, mama?"

"Nasikia, daktari."

"Vizuri. Tulia hivyohivyo."

Vizuri. Mimi namwambia nasikia, yeye ananiambia vizuri. Nikadhani labda hajaamini.

"Nasikia sana, daktari."

"Vizuri sana. Usitikisike."

Nikasema mara ya tatu, sauti ikakatika. Naye, "Haya, vizuri, tuendelee." Hapo nikachomoa kichwa. Sikukusudia, kichwa kilijichomoa. Daktari akaruka kama ameumwa yeye, akasema kwa ukali, "Unataka nikupofushe?" Akamaliza yaliyobaki bila neno lingine. Akachukua kadi yangu, akaandika kitu kwa kalamu nyekundu, akanipa niibebe.

Mtu aliyesoma miaka yote ile. Unamwambia unaumia anakusifu.

Ijumaa, tarehe 5

Ulipiga simu. Nilisema sijambo.

Jumapili, tarehe 7

Kichwa kimepoa. Nimemweleza baba yako yote, naye baada ya kufikiri sana, maana alifunga hata macho, akasema, "Vumilia." Nikamuuliza kama ndilo neno lote alilolipata humo alimokwenda. Akasema madaktari wanajua kazi yao.

"Na mimi je, sijui jicho langu?"

"Jicho lako unalijua kwa mbele, yeye analijua kwa nyuma."

Huyo ndiye baba yako. Kitanda hajakilalia, kunguni atawajulia wapi.

Ila kwenye kuvumilia sitaki kusema mengi, sisi wanawake tumelelewa nako. Hata wewe siku ile mjukuu wangu alipozaliwa, mkunga alipokuwa anakushona, mimi ndiye niliyekushika kichwa, na ulitulia kama maji mtungini. Niliwasimulia watu wote jinsi ulivyotulia.

Jumatano, tarehe 10

Mvua ya mawe madogo. Bibi yako ameketi dirishani akiitazama, anasema leo imenyesha kimyakimya.

Jumamosi, tarehe 13

Masweta matano. Vitanzi nahesabu kwa kidole, si kwa jicho. Kidole hakidanganyi.

Alhamisi, tarehe 18

Naandika kabla sijabadilisha nguo zilizolowa.

Leo baba yako alikuwa na kazi, nikaenda peke yangu. Fundi Saa hakuwepo. Nikamuuliza mkewe niliyemkuta dirisha la dawa, akasema, "Amekataa. Anasema afadhali giza lisilouma."

Karani akachukua kadi yangu, akaisoma, akaninyooshea midomo kuelekea benchi la mwisho. Muuguzi wa matone akaisoma, akamwambia mwenzake, "Ndiye huyu." Nikatazama nyuma nione ni nani. Hakuna mtu nyuma yangu, ni ukuta. Nikaitwa wa mwisho, tone moja la ganzi, mlangoni tena. Mle ndani, kabla sijaweka kidevu vizuri, nikahisi mikono miwili imenibana kichwa kutoka nyuma. Muuguzi wa pili, mwenye nguvu kama mtu anayekanda unga. Nikasema, "Dada, kulikoni?" Akasema, "Tulia mama, ndiyo maagizo."

Mwanangu, mimi nina miaka hamsini na mitatu. Nimezaa wanne na kuzika wawili. Sijawahi kushikwa kichwa kama mbuzi.

Daktari akaanza. Leo ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza, pembeni huku upande wa pua na upande wa sikio, ilikuwa inapiga mpaka kwenye meno.

"Unasikia?"

"Nasikia."

"Vizuri."

Nikasema nasikia mara nyingi kuliko nilivyotaja jina la Mungu mwaka huu wote. Kila mara, vizuri. Mikono ya nyuma ikikaza.

Nimefika nyumbani nimelowa, sikumbuki kama mwavuli niliufungua. Nikampa Kitinda kadi, nikamwambia nisomee maandishi mekundu. Akasoma kimya. Nikasema, soma kwa sauti, bibi yako hasikii na mimi siogopi. Akasoma, "Mgonjwa mbishi. Hafuati maelekezo. Ashikwe kichwa."

Nilikuwa naibeba mwenyewe. Mlango kwa mlango, nimeiweka kifuani isilowe, naipeleka kwa mikono miwili kwa adabu. Nilikuwa nabeba matusi yangu mwenyewe nikiwaambia watu shikamoo.

Ijumaa, tarehe 19

Siendi tena.

Jumamosi, tarehe 20

Siendi.

Jumanne, tarehe 23

Baba yako ameniambia mbele ya bibi yako, "Sikio la kufa halisikii dawa." Nikamwambia hili si sikio, ni jicho, na likifa litakufa likiwa langu. Akaenda kulala bila kula. Asubuhi nimekuta amezimalizia mboga sufuriani, kwa hiyo hasira yake haikuwa kubwa sana.

Ijumaa, tarehe 26

Kitinda anasema nimekuwa mkali. Mimi mkali. Nimefuma sweta la mtu na mkono mmoja mrefu kuliko mwingine, mteja akalirudisha, nikamwambia mtoto wake ndiye mwenye mikono isiyolingana. Nimetubu usiku. Nimelifumua.

Alhamisi, tarehe 1, mwezi wa nne

Leo ilikuwa zamu yangu ya tatu. Nilitoka nyumbani na kadi, baba yako akanipungia mkono. Nikaenda kwa muuza nyuzi, nikakaa juu ya gunia tangu saa mbili hadi saa saba nikichambua rangi za bluu. Muuza nyuzi hakuuliza, aliniletea tu kiti chenye egemeo. Nikarudi nimejifunga kitambaa jichoni. Baba yako akanimenyea chungwa, akaliondoa na mbegu.

Hilo chungwa limenikwama mpaka sasa.

Ulipiga simu jioni, ukauliza taa ilikuwaje. Nikasema sijambo.

Jumanne, tarehe 6

Nilikwenda kumpelekea Fundi Saa sweta alilolipia kabla ya mvua. Mkewe alinifungulia. Yeye alikuwa mezani pake pa kazi, vidude vimepangwa vyote, koleo, bisibisi, kioo cha kuvaa jichoni, na saa ya mteja imefunguliwa tumbo. Hakuwa anafanya kitu. Alikuwa ameiweka sikioni.

"Nani huyo?"

"Mama wa masweta."

"Ah. Ingia, mama. Mimi siku hizi saa nazitengeneza kwa masikio. Inatembea, hii. Ila sijui inasema saa ngapi."

Jumapili, akinywa chai, jicho la kushoto lilishukiwa na pazia jeusi kutoka juu. Damu. Anasema alifikiri umeme umekatika, akamwomba mkewe mshumaa. La kulia bado linaona ukungu. Wamemwambia huenda akapasuliwa, mbali, na huenda isisaidie.

Alicheka alivyosimulia kisa cha mshumaa. Mkewe hakucheka. Wakati natoka akanifuata mpaka mlangoni, akasema, "Mama, yule daktari alimuumiza, nakubali. Lakini mimi nilimwambia abaki nyumbani kama hataki. Nilimwonea huruma. Afadhali ningemwonea kidogo."

Nilitembea mvuani. Nikafumba jicho la kulia nione la kushoto, ambalo halijaguswa hata mwali mmoja. Nyuzi nyeusi sasa ni nne.

Jumatano, tarehe 7

Nimemwambia baba yako ukweli wa gunia na nyuzi za bluu. Akasema, "Na chungwa ulikula." Nikasema nililila. Akasema, "Haya."

Ijumaa, tarehe 9

Naogopa giza. Naogopa na ile mikono. Sijui kipi zaidi.

Jumapili, tarehe 11

Leo sikiliza, mwanangu, maana nimekaa nalo tangu mchana.

Bibi yako alikanyaga kijiti cha ufagio, kikaingia kisiginoni. Kitinda akamkalisha kwenye kigoda, akachukua sindano yangu ya kushonea, akaanza kuchokoa. Mimi niko kwenye mashine. Kitinda akapiga kelele karibu na sikio lake, "Bibi, tulia, unasikia?"

Bibi yako akasema, "Nasikia."

Kitinda akafurahi, akanigeukia, "Mama, leo Bibi amesikia mara moja tu." Akaendelea kuchokoa. "Unasikia, Bibi?"

"Nasikia, nasikia."

"Masikio yamefunguka leo."

Bibi yako akapiga kigoda kwa ngumi mara mbili, paka akakimbia. Akasema, "Mtoto huyu ana wazimu? Kinachosikia ni mguu."

Kitinda alicheka mpaka akaketi chini. Baba yako alicheka. Mimi mikono ilisimama juu ya mashine, vitanzi kumi na viwili vikaanguka na sikuviokota.

Unasikia, mama? Nasikia, daktari. Vizuri.

Alikuwa ananiuliza masikio. Mimi nilikuwa namjibu jicho.

Jumatatu, tarehe 12

Usidhani hasira imekwisha. Jana nilidhani imekwisha, nimeamka nayo asubuhi imenona. Sawa, neno ni moja na lina pande mbili, hilo si kosa la mtu. Lakini machozi hayana pande mbili. Kichwa kinachochomoka hakina pande mbili. Na kalamu nyekundu aliishika kwa mkono wake, hakuna aliyeisikia vibaya.

Alhamisi, tarehe 15

Nimekwenda. Baba yako alikuja pia, na bibi yako akataka kuja, tukamwambia hapana kwa meza, akasema hajasikia, akaja.

Karani akasema nimepitwa na zamu. Nikamwambia najua, na kabla ya kupangiwa nyingine nataka maneno na daktari, taa ikiwa imewashwa. Akaangalia kadi, akaanza kunyoosha midomo. Baba yako, ambaye humjui kupandisha sauti, akasema kwa upole kabisa, "Kijana, hiyo kadi sisi tumeisoma." Midomo ikarudi.

Daktari alitoka mwenyewe. Kwenye mwanga ni mtu mwembamba, ana alama mbili nyekundu puani za miwani, na shati limefungwa vifungo vibaya, kimoja kimerukwa. Nikaambiwa niingie. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima na yote yakanitoroka, nikabaki na moja.

"Daktari, mimi nikisema nasikia, nasema nini?"

Akasema, "Unasema unanisikia. Unafuata maelekezo."

"Nasema naumia."

Nikamwona anarudi nyuma kichwani mwake, mara ya kwanza, mara ya pili. Akavua miwani. "Na mimi nikawa nasema vizuri," akasema.

"Ukasema vizuri sana."

Angeishia hapo ningemsamehe upesi, lakini akaongeza, "Mama, ungesema tu inauma." Nikawaka. Nikamwambia, "Siku ya kwanza wewe mwenyewe uliniambia utasikia kidogo. Ulimaanisha masikio? Neno nimelitoa kinywani mwako nikakurudishia, wewe ukalikataa. Na machozi je, yalikuwa yanafuata maelekezo?"

Akasema machozi hutoka kwa mwanga, ya watu wote hutoka. Nikasema basi watu wote wanalia humu na nyinyi mnaita mwanga.

Akavuta picha ya jicho langu, jekundu lote kama chungwa lililokatwa, akanionyesha kidoa kidogo katikati. "Hapa ndipo unaposomea na kutungia sindano. Ulipochomoa kichwa, mwali ulipita hapa karibu, upana wa unywele. Nilitetemeka siku nzima. Ndiyo maana niliandika nilichoandika." Nikakitazama kile kidoa. Kumbe na yeye alikuwa anaogopa mle gizani, mbele yangu, na wote wawili tunaambiana vizuri.

Nikasema, "Ungeandika kwamba umeogopa. Umeandika mimi ni mbishi."

Akachukua kalamu, nyeusi leo, akapiga mstari juu ya maneno mekundu. Nikakataa. Mstari unaonyesha palikuwa na kitu, mtu ataangalia chini yake. Akatoa kadi mpya. Akaniuliza aandike nini. Hakuna mtu amewahi kuniuliza hivyo. Nikamwambia, "Andika: anagonga. Mara moja endelea, mara mbili acha. Na mtu asimshike kichwa." Akaandika yote, akanisomea.

Bibi yako alikuwa mlangoni, akaona mkono wangu unamwonyesha daktari kugonga meza. Akasema kwa sauti ya mtu asiyejisikia, ukumbi mzima ukageuka, "Mwanangu kaoa mwalimu."

Leo kiti kilishushwa, kumbe kina kipini, kipini kimekuwepo siku zote. Matone ya ganzi nikapewa matatu, nikaketi dakika kwa dakika mpaka jicho likawa si langu, na muuguzi yuleyule wa matone akalijaribu kwa ncha ya pamba kabla sijaingia. Nikamuuliza, "Dada, haya matone yalikuwa wapi?" Akasema, "Mama, mabenchi manne na mimi mmoja." Nikasema najua. Lakini nilimwambia pia kwamba shavu langu halina sukari.

Mwali wa tano, nikagonga mara mbili. Haukuuma bado. Nilitaka tu nione kama ataacha.

Akaacha.

Basi nikaweza. Iliuma, sitakudanganya, pale upande wa sikio iliuma sana, akasema hapo mshipa wa maumivu unapita, atapunguza nguvu na kunipumzisha kila miali kumi. Nikagonga mara nne nyingine, akaacha mara nne. Maumivu yaleyale, mwanangu, lakini yana mlango.

Ijumaa, tarehe 16

Kichwa kinauma kidogo. Ulipiga, nikasema kichwa kinauma kidogo. Ukanyamaza mpaka nikadhani simu imekatika.

Jumanne, tarehe 20

Jioni nimegonga fremu ya mlango kwa bega. Saa kumi na mbili kwangu sasa inaingia saa kumi na moja, na pembeni pamefungwa, naona kama kwa tundu kubwa la ufunguo. Kumbe kuchoma pembeni ndivyo kulivyo, unatoa kidogo kuokoa kikubwa. Hakuna aliyeniambia kabla. Nitamwambia Alhamisi ya wiki ijayo. Nimeanza orodha.

Alhamisi, tarehe 29

La kushoto, mara ya kwanza. Nimemsomea orodha. Amesema nilistahili kuambiwa, na kwamba sasa atawaambia wote kabla. Amesema pole, na safari hii hakuongeza neno.

Nikiwa kwenye benchi nimesikia mama mwingine mle ndani anasema "nasikia," na daktari akauliza, "Kwa sikio au kwa jicho?" Benchi zima likacheka. Mimi sikucheka. Nilihesabu ni wangapi walikaa kwenye benchi hili kabla yangu wakijibiwa vizuri.

Alhamisi, tarehe 13, mwezi wa tano

Mara ya pili. Fundi Saa ameletwa na mkewe kwa ajili ya la kulia lililobaki. Nimemfundisha kugonga. Akasema, "Mimi na kugonga ni ndugu, miaka arobaini nasikiliza tik na tak." Alipotoka nikamuuliza amegonga mara ngapi. Akasema, "Nilikoma kuhesabu, alidhani kuna saa mbovu chumbani."

La kushoto halijarudi. Hakulitaja, na mimi sikulitaja. Lakini njiani nimewaza, lile giza lake nani ataliandika kwa kalamu nyekundu.

Jumamosi, tarehe 22

Mvua zimepungua. Tope linakauka vipandevipande kama vigae.

Alhamisi, tarehe 27

Ya mwisho. Nimegonga mara mbili tu. Daktari amesema vijishipa vimeanza kunywea macho yote mawili, nirudi baada ya miezi mitatu, na sukari niiangalie kama mtoto mchanga. Uzi mweusi bado upo, mmoja, umetulia kwenye kona. Nimeacha kumgombeza muuza nyuzi.

Ijumaa, tarehe 28

Daftari limebaki kurasa mbili, na neno hili nimelizungusha tangu siku ya kisigino cha bibi yako. Nilikuwa napita pembeni yake.

Siku ya mjukuu wangu, mkunga anakushona, nilikushika kichwa kwa mikono yangu miwili kutoka nyuma. Sasa najua mikono hiyo inavyokuwa. Nikakuinamia nikakuuliza, "Tulia mwanangu, unasikia?" Ukasema, "Nasikia, mama." Nikasema vizuri. Ukasema tena, "Nasikia, mama," nikasema vizuri sana, msichana wangu, na nikamwambia mkunga, endelea tu huyu ni jasiri. Hakuwa amekupa ganzi. Niliona kichupa mezani hakijafunguliwa, na sikuuliza.

Nimewasimulia watu miaka miwili jinsi ulivyotulia.

Na tangu siku ile, nikihesabu vizuri, ndipo na wewe ulipoanza kuwa hujambo kila siku kwenye simu. Nilikuwa nadhani umekua.

Nimemfokea daktari, nimemfokea muuguzi, baba yako, karani. Mtu mmoja hakufokewa. Nakupa wewe nafasi hiyo.

Daftari nalituma kesho na lori la muuza nyuzi, pamoja na sweta la mjukuu wangu, mikono yote miwili inalingana, nimepima mara tatu. Baba yako anakusalimu, bibi yako, Kitinda, na paka. Niambie siku ile ulikuwa unasikia kwa wapi. Nijibu upesi, usingoje mwisho wa mwezi wala nafasi nzuri, piga siku hiyohiyo daftari litakapokufikia, na usianze na sijambo. Ukishindwa kusema, gonga simu mara mbili.

Nitasikia.